Wanga wa Sumbawanga: Nasaba ya Kamusi za Mtandaoni na Namna ya Kuzichagua

Ikisiri

Makala haya yanalitazama kwa jicho la historia suala ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta: mtafiti wa lugha achague vipi kamusi ya mtandaoni? Kwa kutumia mfano wa Kifipa, lugha ya uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, yanadai kuwa kamusi ya aina hii ipimwe kwanza kwa nasaba yake, yaani nani alikusanya maneno, wapi, lini, kwa lahaja ipi na kutoka maandishi gani, kabla ya kupimwa kwa wingi wa lugha zake au wepesi wa kutafuta. Msamiati wa ufuaji chuma wa Wafipa unatumika kuonyesha hasara inayopatikana nasaba hiyo isipoulizwa.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa wasomaji wa pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuandika juu ya majina ya mahali mkoani Rukwa. Alipolifikia jina la Sumbawanga alieleza kuwa sehemu yake ya pili, wanga, ni ile ya chakula cha nafaka na mizizi, kisha akajenga juu yake hoja ya kurasa mbili kuhusu rutuba ya Ufipa, mahindi yake na ulezi wake. Alipoulizwa chanzo, alitaja kamusi moja ya mtandaoni ya lugha nyingi, akatupa anwani yake kamili na tarehe aliyoifungua. Kanuni za kunukuu alikuwa amezifuata barabara. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Mkazi yeyote wa mji ule angemweleza kwa sentensi moja. Katika Kifipa, sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Jina ni amri, ‘tupa uchawi’. Masimulizi yanayojulikana sana husema kuwa mgeni aliyeingia pale alitakiwa kuziacha nje hirizi na dawa zake. Masimulizi ya namna hii yana haki ya kutiliwa shaka, kwa kuwa mara nyingi jina hutangulia na kisa kikafuata. Hata hivyo, maana ya maneno mawili yanayoliunda jina haina utata kwa msemaji wa lugha.

Watu walicheka ukumbini, na mimi nikiwamo, nami nimejutia kicheko kile. Mwanafunzi hakuwa mvivu, wala kamusi aliyoitumia haikusema uongo. Kiswahili kinayo wanga ya chakula. Kinayo pia wanga nyingine: kitenzi kuwanga kwa maana ya kufanya uchawi usiku, pamoja na nomino mwanga, wingi wake wanga, yaani mchawi. Kamusi za zamani zinacho tena kitenzi kuwanga kwa maana ya kuhesabu. Mtu aliyefungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu angekutana na homonimu hizi na pengine angesita. Kamusi ya mtandaoni aliyoifungua yeye ilichukua maana moja, ikaitenga na nyinginezo bila ngeli, bila nambari ya homonimu, bila mfano wa matumizi, bila hata kueleza kuwa neno lenyewe ni la Kiswahili na si la lugha nyingine yoyote ya Kibantu inayoweza kuwa na umbo kama hilo. Ilikuwa na orodha ndefu ya lugha kwenye ukurasa wake wa kwanza. Orodha hiyo ndiyo iliyomvuta.

2.0 Kila kamusi ina wazazi

Kamusi haizuki. Ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, ilitokana kwa kiasi kikubwa na Kiswahili cha Mombasa na pwani yake. A. C. Madan alitoa ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 1903, akiegemea Kiunguja. Kamusi sanifu za Frederick Johnson za mwaka 1939, zilizotolewa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, zilijengwa juu ya kazi ya Madan, na jambo hilo halikufichwa. Mwaka huohuo Charles Sacleux alitoa kamusi yake ya Kiswahili-Kifaransa, ambayo kwa maoni yangu bado haijapata mpinzani kwa namna inavyotaja lahaja ya kila neno. Kisha ikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981, ikahaririwa upya mwaka 2004 na tena 2013. Na Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015. Anayezifahamu nasaba hizi akikuta neno la ajabu katika tovuti fulani anaweza kukisia limetoka tumbo gani.

Ugumu ni kwamba vitabu ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha muda ndivyo vilivyo rahisi kuingizwa mtandaoni, navyo ndivyo vikongwe zaidi. Krapf na Madan wanapatikana leo kwa yeyote mwenye simu. Hilo ni jambo la kushukuru iwapo msomaji anaona sura ya kitabu chenyewe, jina la mtunzi na mwaka. Likitolewa jina na mwaka, neno la Kimvita la karne ya 19 huvaa sura ya Kiswahili cha leo, na msomaji hana njia ya kujua.

Mwaka 1994 ulileta majaribio mawili yaliyoelewa suala hili, kila moja kwa namna yake. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Martin Benjamin alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni uliojulikana kama Kamusi Project, ambao wasomaji waliweza kuuchangia maneno na wahariri wakayapitia. Huko Berkeley, California, Larry Hyman na John Lowe walianzisha CBOLD, hifadhidata ya kulinganisha lugha za Kibantu, ambayo baadaye iliwekwa pia Lyon, Ufaransa. CBOLD haikukusudiwa kuwa kamusi ya mtu wa kawaida. Ni ghala: kila faili ina jina la lugha, jina la mkusanyaji na mwaka. Sura yake haivutii, na kwa miaka mingi haijaongezewa kitu. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa kitu kisichobadilikabadilika kinanukulika.

Mwaka 2003 Gilles-Maurice de Schryver alichapisha katika jarida la Lexikos tathmini ya kamusi za mtandaoni za lugha za Afrika, na mengi aliyoyaona wakati ule bado yapo. Kilichobadilika ni kuingia kwa mitambo ya kutafsiri. Kiswahili kiliingia katika Google Translate mwaka 2009. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitangaza mtambo wa lugha 200, na katika orodha hiyo Kibemba kimo, Kifipa hakimo. Wapo wanaolichukulia hili kama hesabu ya wasemaji tu. Idadi ya wasemaji ina nafasi yake, lakini jibu lote halimo humo, na ili kulipata inatupasa turudi nyuma ya intaneti kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

3.0 Ufipa na orodha zake

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walikikabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, na kutoka mwambao ule kazi yao ilipanda hadi uwandani. Shirika hilohilo lilifanya kazi upande wa pili, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kule lilitoa kamusi ya Kibemba-Kiingereza mwaka 1947, kitabu kikubwa ambacho hadi leo ni msingi wa karibu kila kitu kinachoandikwa juu ya msamiati wa Kibemba. Kibemba kikawa lugha ya shule na ya redio, na baada ya uhuru kikawa mojawapo ya lugha saba za majimbo zilizotambuliwa na serikali ya Zambia. Kimambwe, jirani wa karibu kabisa wa Kifipa, kilipata kamusi ya Andrzej Halemba mwaka 1994.

Upande wa Tanganyika njia ilikuwa nyingine. Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili, Waingereza wakakisanifisha, na taifa huru likakifanya lugha yake. Sisi tunaokula kwa jasho la Kiswahili hatuna sababu ya kuulilia uamuzi huo. Lakini ni haki kusema gharama yake ilikuwa nini: lugha kama Kifipa, Guthrie M13, haikuwa na shule, redio wala gazeti la kuidai kamusi. Yaliyoandikwa juu yake yaliandikwa kwa malengo ya wengine. Bernhard Struck alichapisha uchambuzi wa Kifipa kwa Kijerumani katika jarida la Anthropos mwaka 1911. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti uwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, alituachia maelezo ya kina ya watu, dola zao za Nkansi na Lyangalile, na mwaka 1978 mkusanyo wa hadithi zao kwa tafsiri ya Kiingereza. Derek Nurse na Gérard Philippson, walipokuwa wakipima ukaribu wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, walitumia orodha ya zaidi ya maneno elfu moja kwa kila lugha. Orodha hizo ndizo zilizoingia CBOLD, na ya Kifipa imo.

Basi mtafiti anayeandika neno “Fipa” katika kisanduku cha kutafutia leo, na akabahatika kupata kitu chenye maneno ya kweli, kuna uwezekano mkubwa kuwa anakutana na orodha hiyo ya miaka ya 1970, au na kitu kilichonakiliwa kutoka kwayo bila kutajwa. Orodha ile ni nzuri kwa kazi iliyokusudiwa: kichwa, jicho, maji, moto, kula, kufa. Mwanaisimu linganishi anahitaji maneno ambayo kila lugha inayo. Lakini kwa ubuni wake, orodha ya namna hiyo inaacha nje yale ambayo lugha nyingine haina. Pia Kifipa si kimoja: kuna cha Milanzi, cha Wankwamba, cha Wakwa, cha Wasiwa na vinginevyo, na mtu aliyezaliwa Sumbawanga mjini hatasita kukuambia kuwa wale wa bondeni kuelekea Ziwa Rukwa wanasema vingine. Neno lisilotajiwa lahaja, kwa lugha yenye sura kama hii, ni nusu ya neno.

4.0 Malungu

Tuchukue eneo moja la maana. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kwa wastani wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari panapokaa mji wa Sumbawanga, ulikuwa miongoni mwa maeneo mashuhuri ya uyeyushaji chuma Afrika Mashariki. Tanuri lake lilikuwa refu kuliko mtu, la udongo, na lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kwa Kifipa linaitwa ilungu, wingi malungu. Chuma kilichotoka humo hakikuwa tayari kufuliwa; kilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili, lenye mivukuto, kikasafishwa. Tanuri hilo huandikwa kintengwe, na kwa wingi vintengwe. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kiitwacho intangala, kisichoguswa na kila mtu, kwa kuwa kuyeyusha chuma kulichukuliwa kuwa aina ya uzazi, nalo tanuri likatunzwa kama bibi arusi.

Maneno haya hayako katika kamusi ya Kifipa niliyoweza kuifungua mtandaoni. Yako katika maandishi ya watu ambao hawakuwa wanaisimu: makala ya Greig ya mwaka 1937 na ya Wise ya mwaka 1958, yote katika Tanganyika Notes and Records, tasnifu ya Bertram Mapunda ya mwaka 1995 juu ya akiolojia ya chuma kusini-magharibi mwa Tanzania, kazi ya Randi Barndon ya mwaka 2004 juu ya Wapangwa na Wafipa. Wanaakiolojia wamechukua hata neno malungu wakalifanya jina la teknolojia, likalinganishwa na nyinginezo katika fani yao. Neno la Kifipa limekuwa istilahi ya kimataifa kabla halijawa kidahizo katika kamusi ya lugha yake. Sijui jambo lingine linaloonyesha vizuri zaidi mahali tulipolala.

Nilijaribu kuliandika malungu katika tovuti tatu za lugha nyingi. Moja ilikaa kimya, na ukimya ni jibu la heshima. Ya pili ilidhani nimekosea herufi, ikanipendekezea marungu. Ya tatu ilinielekeza kwa Mulungu. Mwenye kuelewa fonolojia ya Kibantu atacheka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekwenda kukusanya maneno kwa babu yake Nkasi anaweza kuamini kwamba babu amesahau. Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Katika mizani ya kijana wa leo, mzee na simu wakipingana, si lazima mzee ashinde.

Kuna pia suala la umbo. Kamusi ikipanga vidahizo kwa herufi ya kwanza ya neno zima, ilungu itakaa kwenye I na malungu kwenye M, na hakuna kitakachomwambia msomaji kuwa ni kitu kimoja. Ikipanga kwa mashina, asiyejua sarufi atapotea. Hili ni tatizo kongwe la leksikografia ya Kibantu, na ni mahali ambapo kompyuta ingeweza kutusaidia kweli, kwa sababu haifungwi na mpangilio mmoja: umoja, wingi na shina vyote vinaweza kumfikisha msomaji kwenye kitomeo kilekile. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa kamusi yoyote ya mtandaoni ya lugha ya Kibantu ni dogo tu. Ninaingiza wingi wa neno ninalolijua, kisha kitenzi chenye viambishi. Ikishindwa yote mawili, najua ilitengenezwa na mtu aliyeichukulia lugha hiyo kama Kiingereza chenye maneno mengine.

Mfano wa kilimo unafanana na huo. Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kurutubisha udongo. Matuta hayo ni intumba. Katika Kiswahili tumba ni ua ambalo halijachanua. Mtambo unaotafuta kufanana kwa herufi utaleta ua, na mtafiti wa historia ya kilimo atakuwa na bustani mahali palipokuwa na shamba.

5.0 Kurudi kwenye wanga

Baada ya kile kikao nilimwita yule mwanafunzi ofisini tukalitafuta neno lake upya, safari hii kwa kuuliza kila chanzo kimetoka wapi. Tulianza na wasemaji, kwa simu, wawili wa mjini na mmoja wa Nkasi. Wote walilitafsiri wanga bila kusita. Tukaenda kwa majirani. Kibemba kina ubwanga, neno la dawa na hirizi zenye nguvu, na kamusi ya mwaka 1947 inatosha kwa hilo. Kisha tukafungua hifadhidata ya mizizi ya Mame-Bantu iliyotengenezwa Tervuren, Ubelgiji, ijulikanayo kama BLR3, ambamo mzizi *-ganga unapewa maana za tabibu na dawa. Kiswahili kinao katika mganga na uganga. Ikiwa wanga ya Kifipa ni mzizi huohuo wenye kiambishi cha ngeli ya u- na bila konsonanti ya kwanza, kama Kibemba kinavyoelekea kuonyesha, basi uganga wa pwani na wanga wa Sumbawanga ni ndugu, mmoja akabaki na sifa ya kuponya na mwingine akachukua ya kudhuru. Nalileta hili kama dhana inayosubiri kupimwa kwa maneno mengine ya Kifipa yenye historia ya *g, wala si kama jambo lililothibitishwa.

Yule mwanafunzi alihitaji siku mbili kwa neno moja. Alinilalamikia, na nilimwelewa, kwa kuwa ada yake inahesabiwa kwa miezi. Hata hivyo, tulichofanya hakikuhitaji fedha wala programu ya siri. Vyanzo vitatu kati ya vile tulivyotumia vinapatikana mtandaoni. Tofauti na kile cha mwanzo ni kwamba kila kimoja kilisema jina la mkusanyaji, na hivyo kila kimoja kingeweza kupingwa. Kamusi isiyoweza kupingwa kwa kuwa haina mwenyewe haifai kuingia katika tasnifu, hata ikiwa inasema kweli. Mara nyingi husema kweli. Sipendekezi tuzifungie mlango tovuti za lugha nyingi. Mimi mwenyewe hutumia moja kila wiki kwa Kijerumani changu kilichochakaa, na hunifaa, kwa kuwa Kijerumani kina kamusi mia nyuma yake za kuisahihisha. Kifipa hakina hata moja ya kiwango hicho. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu inafuata hapo: kadiri lugha inavyokuwa na maandishi machache, ndivyo kamusi yake ya mtandaoni inavyopaswa kuonyesha vyanzo vyake kwa ukamilifu zaidi. Mazoea yetu ni kinyume chake. Lugha iliyoandikwa kidogo tunaishukuru kwa chochote kinachoonekana, kama mwenye njaa asiyeuliza chakula kimepikwa na nani.

Kwa idara zetu hii ina maana ya kazi mahususi. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 ulitoa misamiati ya lugha kadhaa na, mwaka 2009, Atlasi ya Lugha za Tanzania. Njia ile haijafungwa. Msamiati wa Kifipa unaotajia kila neno lahaja yake, kijiji chake na mwaka wake, unaoanza na maneno ambayo orodha ya miaka ya 1970 haikuyauliza, si lazima uanze ukiwa mkubwa. Maneno mia mbili ya chuma, intumba, ulezi na uvuvi wa Rukwa yangekuwa mwanzo halali, iwapo yataandikwa pamoja na urefu wa irabu na toni zake na kuwekwa mahali panapotunzwa na taasisi, si katika akaunti ya mtu mmoja.

Mwaka jana nilisimama kando ya ilungu lililobaki katika kijiji kimoja wilayani Nkasi. Ukuta wake mmoja umeanguka na mbuzi hupanda juu yake. Mzee aliyenipeleka hakuwahi kuyeyusha chuma. Aliyefanya hivyo alikuwa baba yake. Nilimsomea kutoka kwenye daftari majina ya sehemu za tanuri niliyoyakusanya katika maandishi ya kiakiolojia. Mengi aliyakubali. Mawili aliyarekebisha irabu, akinitaka niivute ile niliyoikata. Moja alisema hilo ni la upande wa Wakwa, si lao, kisha akanipa lao. Nililiandika pamoja na jina la kijiji na tarehe, na hadi ninapoandika makala haya sijalikuta katika tovuti yoyote.